Gari Halina Macho

Mtu aliyepanda punda aweza kusinzia njiani, na punda asitumbukie shimoni. Katika mji wa Lamu, ambako hata leo punda huchukua mizigo mingi, mwenye punda hugeuza uso kumwamkia jirani yake, na huku mnyama aendelea na safari, akipita penye watoto asimkanyage hata mmoja. Sababu yake ni nini? Punda ana macho yake mwenyewe, ana na masikio yake, wala hapendi kuumia. Akiona shimo hulizunguka. Akiona ukuta husimama.

Gari silo hivyo. Lina nguvu kupita punda wengi, walakini halijui tofauti ya barabara na mtaro, wala ya jiwe na mtoto. Macho ya gari ni macho ya dereva, na akili ya gari ni akili ya dereva. Yako magari mapya yaliyotiwa vyombo vya kumwonya dereva, lakini vyombo hivyo havimwondolei kazi ya kutazama. Basi dereva akiyaondoa macho yake barabarani, gari limekuwa kipofu, nalo bado linakimbia.

Tangu zamani yako mambo yanayomvuta dereva: kula, kuwasha sigara, kutafuta sarafu iliyoanguka, au kugeuka nyuma kuzungumza na abiria. Siku hizi limezidi jambo moja kubwa, nalo ni simu ya mkononi. Ujumbe wa kwanza wa maandishi kwa simu ya namna hii ulipelekwa Uingereza mwaka 1992. Leo jumbe hizo zamfikia mkulima shambani na mvuvi baharini. Simu ni chombo chema. Hupeleka fedha, hutoa habari za mgonjwa, humwita mkunga usiku. Ubaya hauko katika simu yenyewe, bali katika saa ya kuitumia.

Hebu tufanye hesabu. Gari lakwenda kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa. Kilomita 72 ni mita 72,000, na saa moja ina sekunde 3,600. Gawanyeni, mtaona ya kuwa gari hilo lakwenda mita 20 kila sekunde. Kusoma ujumbe mfupi na kuanza kuujibu huchukua kama sekunde 5. Kwa sekunde 5 gari limekwenda mita 100, nao ni karibu urefu wa uwanja mzima wa mpira. Katika uwanja huo wote hapana aliyetazama. Nani awezaye kufumba macho, akakimbia kutoka goli hata goli, na huku watu wanapita mbele yake?

Tena gari halisimami papo hapo breki ikanyagwapo. Kwa mwendo huo, dereva aliye makini hutumia kama sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki, na gari limekwisha kwenda mita 20. Kisha, barabara ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, gari lahitaji kama mita 30 nyingine kusimama. Jumla ni mita 50. Mtoto akitokea mbele umbali wa mita 60, dereva atazamaye aweza kumwokoa. Dereva asomaye simu atamfikia kabla ya kuinua uso.

Simu humwibia dereva vitu vitatu. Kwanza humwibia macho, maana huitazama. Pili humwibia mkono, maana huishika. Tatu humwibia fikira, na wizi huu wa tatu ndio usioonekana. Labda mmemwona mpanda bodaboda aliyeibana simu kati ya sikio na kofia yake ngumu. Mikono yake yote miwili imeshika usukani, macho yake yako mbele, naye adhani yu salama. Lakini fikira zake ziko pamoja na yule anayezungumza naye. Aweza kuliangalia shimo asilione.

Mkitaka kuhakikisha neno hili, fanyeni jaribio darasani. Mwenzako ashike rula ya sentimita 30 ikining'inia wima, nawe weka kidole gumba na kidole cha shahada huku na huku ya ncha ya chini, bila kuigusa. Aiachie ghafula, nawe uibane upesi. Andika namba uliyoibana. Fanya hivyo mara tano. Kisha rudia tena, lakini safari hii uwe unatoa 7 katika 100 kwa sauti: 93, 86, 79, na kuendelea. Wengi wenu mtaibana rula juu zaidi, na wengine itawaponyoka kabisa. Macho yalikuwa yakitazama na vidole vilikuwa tayari, lakini akili ilikuwa safarini. Wahenga walinena kweli: Mshika mawili, moja humponyoka.

Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa dereva atumiaye simu yumo katika hatari ya ajali karibu mara 4 kupita asiyeitumia. Shirika hilo lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa ajali za barabarani huua watu kama 1,190,000 kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Tena kwa watu wa umri wa miaka 5 hata 29 hapana kitu duniani kiuacho wengi kuliko ajali hizo. Umri huo ndio wenu.

Basi, yawapasa nini ninyi msioendesha? Mkimpigia mzazi simu mkajua ya kuwa anaendesha, semeni, "Baba, nitakupigia ukiisha fika," kisha kateni. Mkiwa ndani ya daladala na dereva anaandika, si utovu wa adabu kumwambia kwa upole, "Samahani, mjomba, twaomba simu ingoje mpaka tufike." Mkienda kwa miguu mahali pasipo na njia ya kando, piteni upande wa kulia, mpate kuyaona magari yajayo mbele yenu. Na mfikapo kwenye kivuko chenye mistari myeupe, msiingie mpaka mmeona magari yamesimama. Maana mistari haimzuii dereva asiyeiona. Ninyi nanyi msivuke hali mnasoma simu, kwa kuwa hapo watakuwako vipofu wawili katika njia moja.

Ujumbe waweza kungoja. Mtu aliyegongwa hawezi kurudishwa saa moja nyuma.

Maswali
1. Kwa nini punda aweza kumwokoa mpandaji aliyesinzia, na gari haliwezi?
2. Gari liendalo kilomita 54 kwa saa litakwenda mita ngapi kwa sekunde 5?
3. Simu humwibia dereva vitu gani vitatu? Kipi ni kigumu kutambuliwa, na kwa nini?
4. Pimeni mita 100 kutoka lango la shule yenu. Ni watu wangapi wapitao hapo kwa dakika moja?