Kompyuta ikikawia kujibu, dawa si kununua nyingine

WATAFITI wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi walianzisha mwaka wa 2000 sajili ya wakazi inayonakili waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Kufikia 2012, sajili hiyo ilikuwa na wakazi wapatao 260,000, na jina la mgonjwa aliyefika hospitalini lilitafutwa humo papo hapo kwa kompyuta.

Kazi ya aina hiyo si rahisi. Akina Karisa, Kazungu na Kadzo ni wengi Pwani, kwani Wamijikenda huwarithisha wajukuu majina ya babu na nyanya zao. Sajili yoyote kama hiyo ikichelewa kujibu, foleni hurefuka, na karani aliyechoka kungoja huenda akamfungulia mtoto faili mpya. Rekodi zake za chanjo hubaki katika ile ya zamani.

Wengi hudhani dawa ni kununua mashine yenye nguvu zaidi. Wataalamu hushauri kupima kwanza.

Hatua ya kwanza ni kuiagiza programu ya hifadhidata iandike kila swali linalozidi muda uliowekwa. Katika programu ya MySQL, muda huo huwa sekunde 10 fundi asipoubadilisha. Kwa mgonjwa aliye kwenye foleni, huo ni mrefu mno. Fundi anaweza kuupunguza hadi sekunde moja.

Hatua ya pili ni kujumlisha. Swali la sekunde 20 linaloulizwa mara moja kwa siku lina mzigo mdogo kuliko la sekunde mbili linaloulizwa mara 500, ambalo hula sekunde 1,000.

Hatua ya tatu ni kuitaka programu ieleze njia inayofuata kupata jibu. Bila faharasa, kompyuta husoma majina yote 260,000, moja baada ya jingine. Orodha ikipangwa na kugawanywa nusu kwa nusu, hatua 18 hutosha.

Hata hivyo, faharasa hufanya kazi kama kamusi: humfaa ajuaye mwanzo wa neno. Anayetafuta jina kwa silabi za mwisho huilazimisha kompyuta kupekua orodha nzima. Isitoshe, kila faharasa huongeza kazi taarifa mpya zinapoingizwa, hivyo kuzirundika ovyo huleta uzito mwingine.

Ndiyo maana fundi hodari hurekebisha jambo moja tu, kisha hupima tena kabla ya kugusa la pili.