Nusu Kilo ya Samaki, Watu Sita Mezani

Pai ya samaki ya Waingereza haina ganda la unga. Ni samaki waliochemshwa kidogo kwenye maziwa, wakachanganywa na rojo zito la siagi na unga wa ngano, wakafunikwa kwa viazi vilivyopondwa, kisha bakuli zima likaingia kwenye oveni mpaka juu pakapiga wekundu. Hapa Hull, mashariki mwa Uingereza, ninakolea watoto wangu, ndicho chakula ninachokipenda kuliko vyote msimu wa baridi. Tatizo ni bei ya samaki.

Hull na Grimsby, mji ulio ng'ambo ya pili ya mto Humber, iliishi kwa uvuvi wa bahari za mbali. Mwaka 1975 Aisilandi ilipanua mpaka wake wa uvuvi hadi maili 200, na mzozo wake na Uingereza ulipomalizika mwaka uliofuata, meli nyingi za huku zilikosa pa kwenda. Siku hizi samaki wengi weupe wanaoliwa Uingereza huagizwa kutoka nje. Grimsby wamebaki na mafundi wao wa kukausha samaki kwa moshi, katika majengo ya zamani yenye mabomba marefu ya moshi, na tangu mwaka 2009 jina la samaki wao wa moshi linalindwa kisheria. Mimi hutafuta hadoki wa moshi asiyetiwa rangi, yule mweupe wa kufifia. Yule wa manjano ya kung'aa ametiwa rangi tu, hana utamu wa ziada.

Mama yangu yuko Tanga. Nilipomweleza kwenye simu kwamba nusu kilo ya samaki inanitosha kwa watu sita, hakuniamini.

"Mwanangu, hao watoto wanashiba kweli?"

"Wanashiba, mama. Nawawekea vya kusindikizia."

"Wali?"

Swali lake lina mantiki. Kwetu pwani, changu mmoja wa kupaka huwatosha watu wengi kwa sababu wali wa nazi ndio unaobeba mlo. Lakini pai hii tayari ina kilo nzima ya viazi ndani yake. Ukiongeza wali, au chipsi kama wafanyavyo baadhi ya watu huku, unaweka wanga juu ya wanga. Kila kitu sahanini kinakuwa laini, cheupe na chenye maziwa, na watoto wanachoka ulimi kabla tumbo halijajaa. Ndipo wanapoanza kuchokonoa samaki na kuacha viazi. Kinachokosekana ni kitu cha kutafuna, kitu cha kijani na kitu kikali.

Kwa hiyo ndani ya pai sipunguzi kitu. Rojo silizimui kwa maji: maziwa nusu lita, siagi gramu 50, unga gramu 50, na maziwa yenyewe ni yale yale yaliyochemshia samaki, maana moshi wote umehamia humo. Naongeza mayai manne ya kuchemsha, kila moja vipande vinne. Kazi iliyobaki inafanywa na sahani za pembeni.

Ya kwanza, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote, ni njegere kavu za kupondeka. Hizi si zile mbichi za kwenye friza. Ni njegere kubwa zilizokaushwa, ambazo watu wa kaskazini mwa Uingereza huzila pamoja na samaki. Gramu 250 naziloweka usiku kucha kwenye maji ya moto yaliyotiwa kijiko kidogo cha bikaboneti ya soda, inayofanya kazi ile ile ya magadi tuliyozoea kutia kwenye maharage. Asubuhi zimevimba, zimejaa bakuli. Namwaga maji yale, nazisuuza vizuri, natia maji mapya na kuziacha zichemke taratibu kwa moto mdogo. Baada ya nusu saa hivi maganda yanaanza kuachana, na ukikoroga unaona uji wa kijani ukijitengeneza chini ya sufuria. Hapo usiondoke, zinashika haraka. Natia chumvi mwishoni, siagi kidogo na siki kijiko kimoja. Zina protini na nyuzinyuzi, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na samaki, na mtoto aliyekula vijiko vitatu vya njegere hizi hadai samaki wa pili.

Ya pili ni kabichi. Naikata nyembamba kama ya kachumbari, naikaanga dakika tano tu kwa siagi na bizari nyembamba kidogo, inabaki na ugumu wake wa kutafunika. Kabichi iliyochemshwa mpaka ikalegea haisaidii kitu mbele ya pai, maana nayo ni laini.

Karoti na viazisukari vyekundu huingia oveni pamoja na pai. Umeme wa huku si wa kuchezea: oveni ikishawaka nyuzi 200 kwa dakika 40, rafu ya chini isikae tupu. Nazikata karoti unene wa kidole, napaka mafuta na chumvi, vyote vinaiva kwa wakati mmoja.

Halafu kikali. Waingereza wengi huweka mezani chupa ya viazisukari vya siki, na ni chaguo zuri. Mimi hukata matango na vitunguu, nikaviosha kwa chumvi na kuvikamulia ndimu. Kijiko kimoja kati ya tonge na tonge kinakata mafuta ya rojo, na hamu inarudi.

Vijana wangu wakitoka mpirani, hayo yote hayatoshi. Hapo nafuata ujuzi wa bibi jirani yetu, mzaliwa wa Yorkshire. Kwao zamani pudini ya Yorkshire haikuliwa pamoja na nyama. Ilitangulia peke yake na mchuzi, ili watu waifikie nyama njaa ikiwa imepungua. Ni mayai, unga na maziwa kwa ujazo ulio sawa, vikapigwa vizuri na kumiminwa kwenye mafuta yaliyochemka hasa. Inahitaji oveni kali zaidi, kama nyuzi 220, hivyo naioka kwanza, kisha napunguza moto na kuingiza pai. Vijana wanakula pudini zao na mchuzi wa vitunguu wakati pai inaiva. Naheshimu sana akina mama waliobuni mpango huo. Walikuwa na nyama kidogo na watoto wengi, wakapanga mlo usimwache mtu akilalamika.

Jambo la mpangilio lina uzito wake. Vya kusindikizia nawapakulia kwanza, vijae nusu ya sahani. Pai ikitoka naiacha itulie dakika kumi, rojo lishikane lisimwagike, na ninakata mwenyewe. Ukiiweka katikati kila mtu ajipakulie, wa mwisho ataambulia viazi.

Ikibaki, inaingia kwenye friji mapema, isikae mezani usiku. Kesho yake viazi na samaki vimeganda, vinashikana. Nachagua sehemu zisizo na rojo jingi, natia chenga za mkate, kitunguu, kotimiri na pilipili, nafinyanga katlesi, nachovya kwenye yai na kukaanga. Hizo watoto huzibeba shuleni na ndimu kipande pembeni. Chenga za mkate ziwe za kutosha tu: zikizidi katlesi zinakuwa kavu, zikipungua zinapasuka kwenye mafuta.