Mtu Peke Yake Nyikani: Vitabu Vitatu na Mafunzo Yake kwa Vijana

Wako wazazi ambao huona uzito wanapomkuta kijana wao ameinamia kitabu cha visa vya mwituni: mtu aliyetupwa na bahari katika kisiwa kitupu, au msafiri aliyepotelewa na njia jangwani. Husema kwamba huko ni kupoteza wakati. Kauli hiyo haikukosa sababu, kwani wakati ni amana, wala si kila kilichopigwa chapa kinastahili macho ya kijana. Lakini kumnyima vitabu hivi vyote ni kumfungia mlango wa shule kubwa. Mtu akiwa mjini husitiriwa na jamaa, mali na cheo. Nyikani hayo yote humwondokea, akabaki na akili yake, mikono yake na tabia yake. Hapo ndipo hujulikana ni mtu wa namna gani.

Basi lililo bora si kumkataza kijana, bali kumfundisha kusoma huku akiuliza maswali mawili: Je, mtu huyu alijifunza nini alipokuwa peke yake? Na alipokutana na mtu wa pili, alimtendea vipi? Kwa maswali hayo tuvitazame vitabu vitatu mashuhuri.

MTOTO ALIYELELEWA NA PAA

Katika karne ya 12 aliishi katika nchi ya Andalusi mwanachuoni Abu Bakr Ibn Tufayl, mzaliwa wa Wadi Ash karibu na Gharnata. Alikuwa tabibu wa Khalifa Abu Yaqub Yusuf wa dola ya Muwahhidun, akafariki mwaka 1185. Miongoni mwa alivyoviacha ni kitabu kidogo kiitwacho Hayy bin Yaqdhan, maana yake Aliye Hai, mwana wa Aliye Macho.

Hayy ni mtoto mchanga aliyejikuta katika kisiwa kisicho na watu. Paa jike aliyepotelewa na mwanawe alisikia kilio chake, akamhurumia, akamnyonyesha na kumlea. Mtoto alipofikia miaka saba alijitazama, akaona wanyama wana pembe, manyoya na mbio, naye hana hata kimoja. Hakukaa akilia. Alijisitiri kwa majani, na yaliponyauka alichukua ngozi na mbawa za tai aliyekufa, akazivaa. Akakata fimbo za kujihami, akatambua kwamba mikono yake inaweza kumpa yale ambayo wanyama walizaliwa nayo.

Kisha paa akazeeka, akafa. Hayy alimwita, hakuitika. Akatafuta ni kiungo gani kilichoharibika, hata akampasua kifua kwa mawe makali na vipande vya matete, akaufikia moyo. Akaukuta una vyumba viwili: kimoja kimejaa damu iliyoganda, na kingine ki kitupu. Akafahamu kwamba kile alichokipenda hakikuwa mwili ule, bali ni kitu kilichokuwamo na sasa kimeondoka. Hakujua la kufanya na maiti mpaka alipomwona kunguru akimfukia mwenziwe aliyekufa. Akafanya vivyo hivyo.

Kuanzia hapo akili yake hupanda ngazi kwa ngazi. Anagundua moto, anapika, anajenga ghala, anafuga farasi. Halafu anatazama nyota na mwendo wake, na katika kutafakari kwake anafikia yakini kwamba viumbe hivi vyote vinaye Muumba mmoja.

Lakini jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni namna alivyokula. Ibn Tufayl anasimulia kwamba Hayy alijiwekea sheria: atachukua matunda yaliyokwisha kuiva, na mbegu zake hatazila wala kuzitupa penye mwamba ambapo haziwezi kuota. Akilazimika kula mnyama, atachukua katika jinsi iliyo nyingi, asije akaikatiza. Alipoona mmea umekosa maji aliumwagilia, na alipoona mnyama amechomwa na mwiba alimtoa. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 800 iliyopita. Mwenye kuishi porini kwa adabu hii si mporaji wa pori, ni mlinzi wake.

Mwishoni anafika kisiwani Absal, mcha Mungu aliyetoka kisiwa cha jirani akitafuta upweke wa ibada. Absal aliogopa, akakimbia. Hayy alimfuata, akamtuliza kwa kumpapasa kichwa kwa upole. Absal akampa chakula chake, wakala pamoja. Akamfundisha kusema kwa kumwonyesha kitu na kukitaja jina. Naye Hayy alipoelezwa habari za Mtume aliyeletwa na sheria yake, aliamini, akashika sala, saumu na yaliyobakia. Kila mmoja alikuwa mwalimu na mwanafunzi wa mwenziwe.

ROBINSON CRUSOE

Kitabu cha Ibn Tufayl kilitolewa kwa Kilatini huko Oxford mwaka 1671 na Edward Pococke, na mwaka 1708 Simon Ockley akakitoa kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kiarabu. Miaka 11 baadaye, mwaka 1719, Daniel Defoe alitoa hadithi ya Robinson Crusoe, na wako wataalamu wanaodhani kwamba alipata fikira katika kisa cha Hayy. Pia alikuwapo baharia wa kweli, Alexander Selkirk, Mskoti aliyeachwa katika kisiwa cha Juan Fernández mwaka 1704, akaokolewa mwaka 1709. Baruti ilipomwishia, aliwakamata mbuzi wa mwitu kwa kuwakimbiza kwa miguu.

Crusoe ana mengi ya kumfaa kijana. Aliishi kisiwani miaka 28, naye hakuacha kufanya kazi. Aliweka hesabu ya siku, akalima shayiri, akajifundisha ufinyanzi baada ya vyombo vingi kuharibika. Siku moja aliangusha mti mkubwa, akachonga mtumbwi kwa miezi mingi, na ulipokwisha hakuweza kuusukuma hata kufika majini! Fundisho hilo latosha kuwa somo zima: fikiri kabla ya kushika shoka.

Lakini tumuulize swali la pili. Kabla ya kufika kisiwani, Crusoe alitoroka utumwani Morocco pamoja na kijana Xury, aliyemtumikia kwa uaminifu. Akamuuza kwa nahodha Mreno kwa vipande 60 vya fedha. Na safari iliyomzamisha ilikuwa safari ya kwenda pwani ya Afrika kuchukua watumwa. Alipomwokoa mtu wa kwanza kisiwani alimpa jina la Ijumaa, hakumuuliza jina lake mwenyewe, na miongoni mwa maneno ya kwanza aliyomfundisha ni kumwita Bwana. Hayy alimpata ndugu. Crusoe alimpata mtumishi. Kijana asikikimbie kitabu kwa sababu hiyo, bali akisome macho wazi, maana kitabu kinaweza kuwa hodari wa kazi na kiwete wa uadilifu.

WENYE JANGWA

Kitabu cha tatu ni cha kweli. Wilfred Thesiger, Mwingereza, alivuka jangwa la Rub al-Khali mara mbili kati ya mwaka 1946 na 1948, na mwaka 1959 akatoa kitabu kiitwacho Arabian Sands. Wenziwe walikuwa Mabedui, na kitabu amewatunukia vijana wawili wa kabila la Rashid, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha. Walisafiri na maji kidogo katika viriba, wakipanda matuta makubwa ya mchanga, chakula kikipimwa kwa kiganja. Mabedui hao waliweza kutazama nyayo za ngamia na kusema wapandaji walikuwa nani na walitoka wapi.

Siku moja, baada ya njaa ndefu, walipata sungura. Kabla hawajala wakatokea wageni. Wenziwe wakawakaribisha kwa furaha, wakawaachia nyama yote, wao wakabaki na njaa yao. Thesiger hakuficha kwamba moyo wake ulichukia. Alikiri pia kwamba njaa na kiu aliweza kuvivumilia. Lililokuwa gumu ni kufikia daraja ya ukarimu na subira ya wale aliosafiri nao.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Ewe kijana, ukisoma vitabu hivi usitazame simba na dhoruba peke yake. Mtazame mtu akigawa maji yaliyobaki kidogo. Nawe mzazi, usimnyang'anye mwanao kitabu. Keti naye baada ya sala ya Isha, mwulize Xury alimkosea nini Crusoe, na kwa nini Hayy alizihifadhi mbegu. Majibu yake yatakueleza mengi juu ya moyo wake kuliko karatasi ya mtihani.

Huenda mwanao asitupwe kisiwani maisha yake yote. Lakini ipo siku atakuwa peke yake katika mji wa ugenini, mfuko mtupu, hapana jamaa wa kumwona. Hiyo nayo ni nyika.

Wa billahi t-tawfiq.