Bibi ana Miaka 75: Je, Akubali Nusu Kaputi kwa Ajili ya Meno?

Mwezi huu tunazungumzia jambo linaloleta mabishano katika familia nyingi, Mbeya na Iringa. Mzee ana meno mabovu, shavu limevimba, makande hayagusi tena na ugali anaumeza bila kutafuna. Daktari anashauri upasuaji. Hapo mtoto aliyeko Dar es Salaam anapiga simu: "Msikubali, mama ni mzee, hataamka." Mjukuu anayemwuguza, anayesikia kilio chake usiku, anataka afanyiwe hata leo. Bibi mwenyewe ameketi kwenye benchi, na hakuna aliyemwuliza.

Jina la nusu kaputi peke yake linatisha. Inasemekana lina asili ya Kijerumani, na wengi wanalielewa kuwa ni nusu kufa. Si hivyo. Ni usingizi wa dawa unaosimamiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, anayekaa kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo hadi aamke. Tena usingizi huu una undugu wa zamani na meno: aliyeuonyesha hadharani kule Boston, Marekani, Oktoba 1846, kwa dawa ya etha, alikuwa daktari wa meno, William Morton.

Lakini kabla ya kubishana, ulizeni kwanza kama nusu kaputi inahitajika. Meno mengi ya wazee hung'olewa kwa ganzi tu, yaani sindano ya kwenye fizi. Mgonjwa yuko macho, anasikia akisukumwa lakini hasikii maumivu. Hata meno sita mabovu yanaweza kung'olewa kwa ganzi, mawili leo na mengine baada ya wiki mbili. Nusu kaputi hutumika pale mizizi mingi imevunjikia ndani ya taya, au taya lina uvimbe, au usaha umeshuka shingoni, au mzee amepoteza kumbukumbu kiasi kwamba hawezi kutulia kwenye kiti.

Hapa ndipo familia nyingi zinapojidanganya. Wanaahirisha wakidhani wanamkinga mzee na usingizi, kumbe wanampeleka huko huko. Jino ambalo mwezi wa kwanza lingetoka kwa ganzi ndani ya nusu saa, wananunua vidonge duka la dawa, maumivu yanatulia, yanarudi, wananunua tena. Vidonge vya kuua vijidudu haviondoi jino bovu, na chanzo kinabaki pale pale. Nayo diklofenaki, inayopendwa sana, inaweza kuharibu figo na tumbo la mzee na kupandisha presha yake. Usaha ukishafika chini ya ulimi na shingoni, mdomo haufunguki. Mtu anayetoa usingizi anahitaji kupitisha mpira wa kupumulia kooni, na mdomo usiofunguka ni moja ya kazi ngumu katika fani yake. Wakati huo hakuna tena la kuchagua, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba pumzi na kuua. Mzee akishindwa kumeza mate, akivimba chini ya kidevu au akihema kwa shida, asingojee kupambazuke.

Sasa, je, umri unazuia? Sisi tunaowapokea wazee hawa wodini tunajibu kwamba miaka peke yake haituambii mengi. Tunauliza: anapanda kilima kwenda shambani bila kusimama kuvuta pumzi? Analala chali, au lazima aegemee mito? Miguu inavimba jioni? Bibi wa miaka 80 wa Rungwe anayebeba mkungu wa ndizi mlimani anaweza kuwa salama kuliko mzee wa miaka 60 anayehema akienda chooni. Presha ikifika 180 kwa 110, na hakuna hatari ya haraka, itulizwe kwanza. Sukari ipimwe, maana usaha hupandisha sukari, na sukari ikiwa juu kidonda hakiponi. Aliyepata kiharusi au shambulio la moyo miezi michache iliyopita kwa kawaida husubiri. Na jino lisilouma, lisilotikisika wala kutoa usaha, liacheni.

Semeni ukweli wote kwa daktari. Tajeni dawa za presha, aspirini, dawa za kuzuia damu isigande (msiziachishe wenyewe), na za mitishamba pia. Tajeni hata ulanzi na komoni. Wazee huona haya kusema mbele ya wakwe, basi tokeni nje kidogo aseme. Mnywaji wa kila siku anaweza kusumbuliwa vibaya na usingizi na hata na siku za kukosa pombe wodini.

Ninyi nanyi mna haki ya kuuliza. Nani atatoa usingizi? Oksijeni ipo? Kipo kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kuonyesha oksijeni ya damu? Msishangae mkiambiwa mtoa usingizi ni muuguzi au tabibu aliyesomea, katika nchi yetu ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi hii. Mkiambiwa vifaa havitoshi, ombeni barua ya rufaa. Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na Iringa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Kisha mwulizeni bibi. Kama akili zake ni timamu, sahihi au dole gumba ni lake, si la mtoto anayetuma nauli. Tumeona wazee wakisema "nifanyieni, nimechoka", na wengine wakikataa baada ya kuelezwa vizuri. Wote wawili wasikilizwe.

Siku yenyewe asile chakula kwa saa 6 hadi 8 kabla, na maji matupu yakome saa 2 kabla. Uji ni chakula, msimfichie kikombe chini ya shuka. Dawa za asubuhi daktari ataeleza zipi anywe. Baada ya kung'olewa aume shashi kwa nusu saa, asisukutue siku hiyo. Kesho yake aanze maji ya uvuguvugu yenye chumvi, uji, ndizi zilizopondwa na supu isiyo ya moto. Damu ikiendelea kutiririka, homa ikipanda au uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, arudishwe.