Zeze la Wagogo: kwanini kinanda kinalikataa

Leo tuweke pembeni foleni ya maroli hapa boda, tuongelee muziki. Sisi wa Tunduma masikio yetu yamezoea kalindula ya ng'ambo pale Nakonde na bongo fleva ya Dar. Ukimtajia kijana zeze anacheka, eti hilo la wazee wa Dodoma. La Dodoma sawa, Wagogo ndio wenyewe hasa, ingawa makabila mengine nayo wanalo. Ila la wazee tu? Hapana.

Lenyewe ni kibuyu kilichowambwa ngozi na kuchomekwa kijiti kirefu kama shingo. Nyuzi zamani zilikuwa mishipa ya wanyama, siku hizi waya au nailoni. Halidonolewi kama gitaa: unasugua nyuzi kwa upinde mdogo.

Sasa utamu uko hapa. Uzi ukitetemeka hautoi sauti moja, ndani yake kuna sauti nyingine za juu, mtetemo mara 2 ya ule wa kwanza, mara 3, mara 4 na kuendelea. Wagogo wamejenga muziki wao juu ya sauti hizo za asili, mpaka uimbaji wao unazifuata. Tatizo ni sauti ya 7. Kwenye kinanda haipo! Iko chini ya kitufe kilicho karibu nayo kwa kama theluthi ya hatua moja. Ndio maana mtu akiweka zeze juu ya biti ya kompyuta anasema "linapotoka", anawasha programu ya kunyoosha sauti, na hapo hapo ameliua. Kinachobaki ni fidla mbovu. Mimi hilo linaniuma kuliko wale wanaocheka.

Warusi nao wana balalaika, ile ya pembetatu yenye nyuzi 3. Ilikuwa ya wakulima mpaka Vasily Andreyev alipowapa mafundi waitengeneze upya miaka ya 1880. Ikawekewa vyuma vya shingoni kama vya gitaa ili ikubaliane na piano, na 1888 akapanda nayo jukwaani na kundi lake. Ilipona, ila kwa kukubali sauti za piano.

Hukwe Zawose alipita njia nyingine. Huyu Mgogo aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo (sasa TaSUBa), alitengeneza mazeze makubwa yenye nyuzi zaidi ya 10, lakini sauti za Kigogo hakuzigusa. Na alienda mbali nazo: albamu ya Chibite ilitoka Uingereza 1996, na 2002 alizunguka Marekani akimfungulia Peter Gabriel. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha. Zamani kupiga zeze ilikuwa kazi ya wanaume, jamani!

Kwahiyo ukitaka kuliweka kwenye wimbo wako, rekodi zeze kwanza, halafu besi na kinanda vilifuate. Programu nyingi za studio zinaruhusu kushusha kitufe kimoja kimoja. Mwenye ujuzi wa hiyo atumwagie hapo chini.