Kiazi, Shina na Mzizi: Tatizo la Istilahi kwa Mifano ya Katavi

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, neno kiazi hurejelea sehemu ya mmea iliyovimba ardhini. Kibiolojia, hata hivyo, neno hilo hujumuisha viungo viwili tofauti: kiazi mviringo ni shina, ilhali kiazi kitamu ni mzizi. Kigezo cha kuvitofautisha ni macho yaliyopangwa kwenye vifundo, ambayo ni sifa ya shina.

Mazingira ya Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa Mpanda, yanadhihirisha uzito wa kigezo hicho. Kiangazi huko huchukua takriban miezi sita, na moto hupita mara kwa mara. Matete yakiungua, shina lake litambaalo chini ya udongo hubaki na akiba ya chakula pamoja na macho, nalo huchipua tena.

Mkulima naye huizingatia tofauti hii: muhogo huupanda kwa kipande cha shina, si kwa mzizi aulao, kiazi mviringo hukipanda chenyewe. Hivyo basi, istilahi kiazi-shina na kiazi-mzizi zingemrahisishia mwanafunzi kuelewa jambo ambalo jembe limekwisha kulithibitisha.