Kichocho Garsen: Tembe mpya yawalenga watoto wadogo

Kichocho ni miongoni mwa maradhi yanayozisumbua jamii zinazotegemea maji ya Mto Tana, zikiwemo za eneo la Garsen. Mgonjwa akikojoa majini huacha mayai ya minyoo. Vijidudu vinavyoanguliwa hukua ndani ya konokono, kisha huingia mwilini kupitia ngozi ya anayeoga, kufua au kulima mpunga. Dalili kuu ni mkojo wenye damu.

Tembe za prazikwanteli hutibu maradhi haya, lakini ni kubwa na chungu. Kwa sababu hiyo, watoto wasiofikia umri wa kwenda shule waliachwa nje ya kampeni za matibabu kwa miaka mingi.

Kikemia, dawa hiyo ina molekuli za aina mbili, zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Aina moja huua minyoo. Nyingine huongeza uchungu. Watafiti waliitenga ile ya kwanza na kutengeneza arprazikwanteli, tembe ndogo inayoyeyuka majini, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Ilijaribiwa nchini Kenya na Kodivaa, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipitisha mwaka 2024.

Hata hivyo, mtoto aliyepona huweza kuambukizwa tena akirudi kwenye maji yale yale. Bila vyoo na maji safi, tembe pekee haitatosha.